Walipoacha Kung'ata Mpunga Chimala

Mimi ni mfanyabiashara wa mpunga. Nanunua Chimala, nakoboa, nauza mchele soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini, na kazi hii naifanya kwa meno. Wateja wangu wa mjini hudhani tunatazama rangi ya punje au tunanusa. Wapi! Unaingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu mpunga wa juu siku zote ni mkavu, muuzaji naye si mjinga. Unachota wa chini, unaweka punje moja kwenye magego, unang'ata. Mkavu unalia kah! kama kijiti. Mbichi haulii, unalala bapa kwenye jino. Huo mbichi ukiupeleka mashineni unatoka chenga tupu, punje zimevunjikavunjika, na ukiuweka stoo unachemka wenyewe mpaka gunia linatoa joto.

Ukishang'ata, unamfungulia muuzaji kiganja chako, naye anachukua punje kutoka kwenye konzi ileile, anang'ata. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Wewe unasema mbichi, yeye anasema mkavu, hata kama wote wawili mnajua ukweli. Mtu anaapa, mtu anaondoka akijifanya amekasirika, anaitwa, anarudi. Hiyo ndiyo biashara yenyewe. Ukiona watu wamenunua mpunga bila kubishana, ujue mmoja wao kuna jambo limemsibu.

Niliyebishana naye kuliko wote hakuwa muuzaji. Alikuwa mnunuzi mwenzangu, mwanamke wa Chimala, Msangu wa hapohapo, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Tulianza biashara wote tukiwa na watoto mgongoni, na tangu hapo tumekuwa tukinyang'anyana mizigo. Nikifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika na sufuria. Akiuguliwa, mimi ndiye ninayelala kwake. Lakini kwenye gunia hatujuani. Nikisema mkavu, yeye anasema mbichi, kabla hata hajang'ata. Nitamwita mwenzangu, maana hata sokoni ndivyo nilivyomwita, na mara nyingi niliita kwa hasira.

Kisukari ninacho miaka mingi. Vidonge nilikunywa nilipokumbuka, na msimu wa mavuno nilikuwa sikumbuki. Jua la Chimala ni kali, mtu anachuruzika jasho juu ya magunia, soda ya baridi iko pale kwenye ndoo ya barafu. Nilikunywa. Daktari aliponiuliza baadaye kama nilikuwa nafuata masharti, nilimjibu kwamba nilikuwa nayafuata kwa mbali.

Jino likaanza kuuma juu kushoto, upande ule ule ninaong'atia. Sikushtuka. Kila mnunuzi wa mpunga huwa anaingiwa na kapi kwenye ufizi, linakaa, linaleta uchungu, linatoka. Nikalichokonoa na pini. Nikasukutua na maji ya chumvi. Waganga wa meno wa sokoni, ambao ni kila mtu, walinipa kila aina ya jani. Nikaenda kung'olewa jino. Likatoka vizuri kabisa, ila tundu lake likakataa kufunga. Halafu shavu likafa ganzi, nikawa najipaka mafuta upande wa kushoto naona kama napaka uso wa mtu mwingine. Pua ikaanza kutoa uchafu tundu moja tu, na harufu iliyonifanya niwe nazungumza na watu nimegeukia pembeni. Siku niliyochukua kioo nikafungua mdomo juani, niliona kwenye kaakaa doa jeusi, jeusi la chini ya sufuria. Jino la jirani nililigusa kwa ulimi likacheza.

Binti yangu hakusubiri nimalize kueleza. Alinipeleka hospitali kubwa pale Mbeya mjini nikiwa bado nimevaa kanga za sokoni.

Daktari wa upasuaji wa kinywa na taya alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuvuta kiti akakaa karibu sana na mgonjwa kana kwamba anataka kumkopa. Walinipima sukari, nesi akaitazama mashine, akaipima tena kwa kidole kingine. Wakanipiga picha ya kichwa kwenye lile bomba kubwa, wakakata kipande kidogo cha ule weusi wakakipeleka maabara. Majibu yalipokuja daktari akavuta kiti chake.

"Mama, hii ni fangasi."

Nikashusha pumzi. "Basi nipe dawa ya kupaka, baba. Hata miguuni nimewahi kuwa nayo."

"Sio hiyo ya miguuni. Hii inakula nyama na mfupa. Inakata damu isifike, ndiyo maana pameoza pakawa peusi."

Nilimwuliza nimeitoa wapi. Akasema iko kila mahali, kwenye vumbi, kwenye udongo, kwenye majani yanayooza, hata yeye mwenyewe anaivuta kila siku na mwili wake unaitupa nje. Kwangu sukari ilipanda ikakaa juu muda mrefu, kinga ikachoka, fangasi ikakuta mlango wazi na meza imeandaliwa. Akasema dawa ya dripu peke yake haitatosha, kwa sababu damu ndiyo inayobeba dawa na pale damu haifiki. Ni lazima akate. Ataondoa taya la juu upande wa kushoto, meno ya upande huo na kaakaa lake, mpaka akute mfupa unaotoa damu.

"Nitang'ata?" nikamwuliza.

"Mama, kwanza tuokoe maisha. Chakula utakula, kuna utaratibu."

"Sijauliza chakula. Nauliza mpunga."

Ikabidi nimweleze kazi yangu, na mdomo ule unanuka, binti yangu ananivuta kanga ninyamaze. Daktari akanisikiliza mpaka mwisho. Akachukua picha yangu akaiinua dirishani, akaitazama kwa muda. Akasema meno ya kulia ni mazima, mfupa wake ni mzima, na yeye hatagusa kisichomlazimu kuguswa. Zaidi ya hapo hataahidi.

"Basi kata," nikasema.

Niseme ukweli kuhusu kilichokuwa moyoni mwangu. Kufa niliogopa, nani haogopi. Sura kuharibika iliniuma, lakini mimi sikuwahi kuuza kwa sura. Kilichoninyima usingizi ni kurudi Chimala nikiwa mtu wa kuonewa huruma. Nimewaona watu wa namna hiyo sokoni. Anapewa kiti, anapewa pole, anapunguziwa bei kidogo kama sadaka, na hakuna anayebishana naye. Baada ya muda anakuwa anakuja kusalimia tu. Asiyebishaniwa hana biashara, na mimi bila biashara sijui ningekuwa nani.

Wakanianzishia dripu ya fangasi. Ile dawa ina hasira. Ilikuwa majira yetu ya baridi, Mbeya mtu mzima anatembea amejikunyata, na dawa nayo inakuletea kutetemeka kwake, basi kitanda kikawa kinagonga ukuta. Nesi akaniongezea blanketi juu ya blanketi mpaka nikabaki pua. Insulini asubuhi, insulini jioni, damu ya kupima figo kila kukicha. Sukari iliposhuka wakanipeleka chumba cha upasuaji, na niliyoyajua baada ya hapo ni kuamka na kinywa kizima kimejaa pamba, mpira wa chakula umepita puani, na kipande cha plastiki kimeshikizwa juu kuziba tundu.

Walipokitoa kile kipande mara ya kwanza kusafisha, nikaomba kioo. Daktari akanishauri nisubiri. Sikusubiri. Niliona tundu linaloingia mpaka puani, nikalia, nikalia sana, binti yangu akalia pamoja nami. Baadaye, mpira wa puani ulipokwisha tolewa, nikaomba chai. Nilikuwa nimesahau kwamba kile kizibo kiko kwenye bakuli kinaoshwa. Nikapiga funda moja kubwa la chai ya rangi, nalo likatokea puani lote likamwagikia shuka ya hospitali. Mgonjwa wa kitanda cha pili, bibi mmoja aliyevunjika nyonga, akasema, "Kumbe una bomba!" Akacheka, nami nikacheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu nilipoona lile doa.

Mwenzangu akaja kuniona. Alifunga safari kutoka Chimala na kanga mpya ndani ya mfuko, akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, kimya. Nilipoona yuko kimya nikahofu. Nikamwambia, kwa sauti yangu ya puani, kwamba mwaka huu bei ya mpunga itashuka.

"Ndiyo dada," akasema. "Kweli kabisa."

Huyu mwanamke hakuwahi kuniita dada tangu nimjue. Nikamjaribu tena. Nikamwambia wanunuzi wa Mbeya tuna ujuzi kuliko wa Chimala. Akaitikia. Basi nikatoa la mwisho, jambo ambalo mtu wa Chimala ukimwambia lazima mgombane: nikamwambia mchele wa Kyela ni mtamu kuliko wa kwao Mbarali.

Akameza mate. Nikaona koo linapanda na kushuka. "Kila mtu na ladha yake, dada," akasema.

Nikageukia ukutani. Nilijua daktari amemwambia yeye kitu ambacho hakuniambia mimi. Alipoondoka nilimwita nesi nikamwuliza nakufa lini. Nesi akacheka, akaniambia kipande cha nyama walichopima pembeni mwa kidonda kimetoka safi, hakina fangasi, na kama ningeacha kumsumbua ningetoka mapema. Nikawaza basi, kama sifi, ndiyo huruma yenyewe hiyo, imeshafika mpaka kitandani.

Binti yangu alikwenda Chimala kuangalia magunia yangu yaliyokuwa stoo. Akarudi amechanganyikiwa.

"Mama, kule watu hawang'ati tena."

"Hawang'ati nini?"

"Mpunga. Soko zima. Wamesema fangasi umeitoa kwenye mpunga."

Alinieleza yote. Habari zangu zilifika sokoni zikiwa zimetiwa chumvi njia nzima: mama wa Mbeya kang'ata mpunga wenye ukungu, ukungu ukamwingia kwenye jino, umemla taya. Na wale watu, ambao walikuwa waking'ata mpunga tangu wakiota meno, wote wakaacha. Lakini mpunga lazima ujaribiwe. Mmoja akawa anasugua punje viganjani na kunusa. Mwingine anazirusha kwenye sakafu ya sementi anainama kusikiliza. Mzee mmoja akawa anazipasua kwa koleo la fundi baiskeli. Dalali mmoja akaleta kuku wake, akadai kuku hali mpunga mbichi. Kuku akala mkavu, akala mbichi, akala na wa kwenye mzani. Malori yakawa yanapakia mpunga mbichi kama mkavu, na mashine za kukoboa zinatapika chenga.

Nilicheka mpaka nyuzi zikavuta. Halafu nikakasirika, maana nilielewa maana yake kwangu. Kama wanaogopa gunia, mimi je? Nani atachukua punje kutoka kwenye kiganja changu? Nikachukua simu, nikarekodi ujumbe palepale. Nilisema polepole, kwa ufasaha wote: jamani ng'ateni, fangasi haikutoka kwenye mpunga, ilitoka kwenye vumbi kama vumbi jingine lolote, ikanikuta na sukari yangu, mpunga hauna kosa. Nikamtumia mwenzangu, nikamwomba awasikilizishe watu.

Aliwasikilizisha. Akapanda juu ya mzani, akaunganisha simu na ile spika wanayotangazia. Kosa langu ni kwamba kizibo nilikuwa nimekitoa. Soko zima likasikia sauti inayotoka ndani ya pipa la maji, haina neno linaloshikika, inaanza kwa upole na kuishia kwa ukali. Binti yangu anasema yule mzee wa koleo alivua kofia. Kuanzia siku hiyo wakaacha hata kugusa mpunga kwa mikono mitupu. Wakawa wanavaa mifuko ya nailoni viganjani.

Nikamweleza daktari, akacheka mpaka akavua miwani. Akakubali kurekodi yeye. Alizungumza vizuri sana, Kiswahili cha darasani, akawatoa hofu akisema fangasi hii inapatikana kila mahali, hewani, ardhini, majumbani. Basi wao wakashika neno hilo tu, kila mahali, wakazidi kuogopa. Kilichowarudisha kwenye akili zao ni chenga. Wanunuzi walipoona mchele wao umekuwa kama wa kulishia kuku, mmoja mmoja wakaanza kung'ata kwa kujificha, nyuma ya malori.

Nilipotoka hospitali mdogo wangu alikuja kunichukua. Ameolewa Ilula, mkoa wa Iringa, analima nyanya na mumewe, Mhehe mmoja mtulivu ambaye kila asubuhi alinisalimia "Kamwene" na kwa siku hiyo akawa amemaliza mazungumzo. Mdogo wangu nilimlea mimi mgongoni, sasa akanigeuzia kibao. Alinitoboa kidole kupima sukari kabla sijaamka vizuri. Alinitengea wali konzi moja, mboga sahani nzima. Mimi, mtu wa mchele, nikawa nahesabiwa wali kama mfungwa! Nilimwambia anatukana kazi yangu. Akasema, "Dada, kula mboga."

Baada ya kula nasukutua na maji ya chumvi, nasafisha tundu kwa kitambaa laini, naosha kizibo, narudisha. Halafu mazoezi. Taya likishapasuliwa linakaza, usipolifungua linazoea kufungwa. Walinipa vile vijiti bapa vya kubania ulimi, unavipanga kati ya meno ya mbele ya chini na yale machache yaliyobaki juu, unakaa navyo, ukizoea unasukuma kimoja zaidi katikati. Machozi yanatoka. Shemeji yangu akawa ananikuta nimekaa mlangoni na rundo la mbao mdomoni, anasema kamwene, anapita.

Na mazoezi ya kuongea. Kizibo kile cha muda hakikukaa sawasawa, hewa ilikuwa inatorokea puani, na herufi nyingi zilikuwa zinakufa njiani. Siku moja mdogo wangu akanipeleka barabarani kwenye meza yake, pale abiria wanaponunua nyanya. Basi likasimama, yeye alikuwa amekwenda kuchota maji. Nikainuka, nikasema liwalo na liwe, nikapiga kelele: "Nyanya! Nyanya!" Ikatoka safi kabisa! Nilishangaa mwenyewe. Neno nyanya halihitaji kaakaa, linapenda pua. Abiria wakanyoosha mikono dirishani, nikauza ndoo baada ya ndoo. Basi la pili likaja, na kichwa kikawa kimeshavimba, nikataka kuuza na vitunguu. Nikaita. Abiria mmoja akafunga dirisha. Tangu hapo mdogo wangu akawa ananipa nyanya tu, na vitunguu, kabichi na pilipili akavipiga debe mwenyewe, akinicheka bila aibu. Nilikuwa na furaha sana pale barabarani. Wale abiria hawakunijua, hawakunihurumia, walinipunja na mimi nikawapunja.

Kidonda kilipokauka na daktari akaridhika kwamba fangasi haijarudi, nikaanza kwenda Iringa mjini kutengenezewa kaakaa la kudumu. Daktari wa meno pale alikuwa mama wa makamo, mcheshi, anayeimba akifanya kazi. Alinijaza kinywani udongo laini wa rangi ya waridi kuchukua umbo, nikarudi, akanijaribisha nta, nikarudi, akachonga, akapunguza, akaniambia nimeze maji, yakatoka puani, akachonga tena. Mwishowe akanivalisha kitu kamili: kaakaa, ufizi, na safu ya meno meupe kushoto, kimeshikwa kwa vyuma vyembamba kwenye meno yangu ya kulia. Akanipa maji. Nikanywa. Yakashuka kooni.

"Sema kitu, mama."

"Kabichi," nikasema. "Vitunguu. Pilipili hoho."

Mdogo wangu, aliyekuwa amekaa mlangoni, akafunika uso na kanga akalia kwa sauti. Daktari akaimba ubeti mzima wa pambio. Nami nikawa narudia pilipili, pilipili, kama kichaa, kwa sababu kila p ilikuwa inapasuka mdomoni mwangu kama zamani.

Kabla sijaondoka daktari akanionya. Meno ya kushoto ni ya kujaza uso na kusaidia, hayana mizizi wala hisia. Vitu vigumu ving'atwe kulia. Nikaitikia, huku najitazama kwenye kioo na wala simsikilizi.

Nikarudi Chimala mavuno ya mwaka uliofuata yakiwa yamepamba moto. Nilivaa ile kanga aliyoniletea mwenzangu hospitali. Nilipotokea kwenye uwanja wa magunia, kelele zikashuka. Watu wakasimama. Mtu akaniletea kiti, akakipangusa vumbi. Pole mama, pole mama, Mungu mkubwa. Kila aliyeniamkia alinipa mkono taratibu, kana kwamba nitamwagika. Nikaitikia nikitabasamu na meno yangu mapya. Kiti sikukikalia.

Nikaenda kwenye mzigo wa kwanza, wa muuzaji mmoja tuliyegombana kila msimu tangu aanze kuota ndevu. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikachota, nikaweka punje mdomoni. Ulimi ukaipeleka kushoto, njia yake ya siku zote. Nikang'ata. Kah! Moyo ukaruka. Gunia la pili, kah! La tatu, kah! Nilisikia mlio mpaka kwenye fuvu la kichwa. Nikafungua kiganja mbele ya yule kijana. Akasita. Kisha akachukua punje, akang'ata, na sikuweza kuamini kwamba kachukua kwenye kiganja changu. Kwa furaha nikasahau ujanja wote wa mnunuzi.

"Mkavu," nikasema.

"Ndiyo mama," akasema akitazama ndala zake.

Waliotuzunguka wakatazama pembeni. Nikawaambia vijana wapandishe magunia kwenye mzani, na gunia la kwanza lilikuwa tayari limeshikwa mapembe pale niliposikia mtu anasukuma watu nyuma yangu. Mwenzangu. Hakunisalimia. Alinishika mkono, akanifungua vidole, akachukua punje kutoka kwenye konzi yangu, akang'ata, akatema.

"Mbichi!"

"Mkavu," nikasema.

"Mbichi hii! Mbichi kabisa, imevunwa juzi! Hilo jino lako la plastiki linakudanganya. Plastiki na mpunga wapi na wapi? Kila kitu kwake kikavu tu!"

Watu wakaguna. Mama mmoja muuza chai akasema, "Jamani we, si unajua huyu ni mgonjwa?"

"Mgonjwa gani?" mwenzangu akafoka, na sauti yake yote ya ng'ambo ya mto imerudi. "Mgonjwa anakuja kununua mpunga? Mgonjwa akalale! Na wewe," akanigeukia, "ng'ata upande wenye meno ya Mungu!"

Masikio yakanipata moto. Nikachukua punje nyingine, nikaisukuma kwa ulimi mpaka kulia, kwenye magego ambayo daktari hakuyagusa. Nikang'ata.

Ikalala bapa. Mbichi kama alivyosema, mbichi ya kuchipua. Nikatazama nyuso za watu na kuona kwamba wote walikuwa wanajua. Walikuwa tayari kuniacha nipakie lori zima la mpunga mbichi kwa bei ya mkavu, kwa upendo tu, ili wasinihuzunishe.

Nikamgeukia yule kijana, nikampigia kelele. Nilimwita mwizi, nikamwita mtoto asiye na haya, nikamwuliza kama mama yake alimfundisha kuwauzia wazee maji kwenye gunia. P zangu zilipasuka, t zangu zikapasuka. Yeye akasimama kama aliyepigwa na radi, akawatazama wenzake, kisha akavimba kifua akanijibu. Akaapa mpunga ulianikwa. Akasema mimi ndiye niliyesema mkavu kwa kinywa changu, watu wamesikia. Nikajifanya naondoka, akaniita, nikarudi. Tukashuka bei, tukapanda, tukashuka. Kelele za soko zikarudi zote, na watu wakaendelea na shughuli zao bila kututazama.

Nilipomaliza naye nikageuka kwenda mzigo wa pili, ule wa chini ya turubai la bluu, ambao tangu naingia nilikuwa nimeupigia hesabu. Juu ya magunia yake mwenzangu alikuwa ameketi, amekunja miguu, anatafuna punje. Wakati nabishana ameshaununua wote.

"Huu sasa ndio mkavu," akaniambia.

Nilimtukana mpaka koo likaniuma, naye akanijibu tusi kwa tusi, na moyoni nilitaka kupanda juu ya yale magunia nimkumbatie.